Maswali Yenu: "Nimetuma maombi 84, nimejibiwa moja"

Mwezi huu barua zenu karibu zote zinalia kitu kimoja, kazi ya kwanza. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu ndani yake kuna majibu ya wengi, zingine nimepita mbiombio. Kwa wageni wa ukurasa huu, kabla sijaanza kuandika humu nilikaa miaka 9 mapokezi na masijala kwenye kampuni moja ya mizigo hapahapa Tanga, bahasha za maombi ya kazi zilikuwa zinaanzia mkononi kwangu kabla hazijaenda juu. Kwahiyo ninayosema hapa nimeyaona, sijahadithiwa.

Shikamoo anti. Nina miaka 24, nipo Makorora, nimemaliza diploma ya uhasibu mwaka jana. Nimetuma maombi 84, nimeyahesabu kwenye email, nimejibiwa moja tu nayo ni ile ya kusema wamepokea. Kila tangazo wanataka uzoefu wa miaka miwili mitatu, sasa huo uzoefu nitautoa wapi kama hakuna anaenipa hiyo kazi ya kwanza? Washkaji wananiambia bila konekisheni utazeeka. Mama anauza vitumbua na mimi ndo walikuwa wananitegemea. CV yangu nimeambatisha, nisaidie.

Marahaba mwanangu. CV nimeisoma yote kurasa nne, alafu nikakupigia simu, kwahiyo wasomaji watanisamehe nikitaja vitu ambavyo kwenye barua havimo, ruhusa umenipa.

Ukurasa wa kwanza kuna picha, dini, kabila, hali ya ndoa, na ile sentensi ya kiingereza ya kwamba unatafuta kampuni yenye changamoto ili ukuze kipaji chako. Hiyo sentensi nimeisoma miaka 9. Wameiandika waliotaka udereva, wameiandika waliotaka ulinzi. Anaesoma hapati kitu juu yako, toa. Ukurasa wa pili shule zote toka msingi mpaka jina la mwalimu mkuu, toa. Ukurasa wa tatu, huko chini kabisa, ndo nikakuta kimstari kimoja, "mafunzo kwa vitendo wiki 8". Basi. Hukusema wapi ulikaa wala ulishika nini.

Ndo maana nikapiga. Nikakuuliza wiki nane zote ulikuwa unafanya nini, ukasema "anti nilikuwa nasaidiasaidia tu". Nikakubana. Ikatoka kwamba kila asubuhi ulikuwa unachukua risiti za ushuru wa jana yake unazilinganisha na karatasi ya benki, na wiki ya tano ukakuta siku tatu hazilingani ukampelekea mhasibu, na ikaonekana kuna karatasi ya benki ilikuwa imebandikwa kwenye faili la mwezi mwingine. Mwanangu, hiyo ndo kazi yenyewe! Hicho ndo wanachomlipa mtu mshahara. We umekiita kusaidiasaidia.

Nikakuuliza na nyumbani je, hesabu za mama nani anashika, ukacheka. Kumbe daftari la vitumbua unaandika wewe, mchele, nazi, mafuta, na wale wanaokula kwa mali kauli wanalipa mwisho wa wiki, na umeshahamishia kwenye Excel ya simu, na wewe ndo uligundua ijumaa mama anapika vingi kuliko vinavyotoka. Hiyo nayo iandike, "natunza hesabu za mauzo na madeni ya biashara ya familia". Usiipambe ikawa kampuni, usijiite meneja wa fedha, andika ilivyo. Mtu akikuuliza kwenye intavyu utaijibu usingizini kwasababu unaiishi.

Kwahiyo CV iwe ukurasa mmoja, ukizidi sana miwili, hizo kazi mbili zikae juu, vyeti vifuate, na faili lisiitwe "CV mpya final 3", liite jina lako na nafasi unayoomba. Na ile email yenye jina la utani la sekondari tafadhali. Fungua nyingine leo.

Sasa tuje kwenye konekisheni maana hapo ndo mnapokata tamaa kabla hamjaanza. Mnafikiri konekisheni ni mjomba mkubwa ofisini. Wapo hao, siwezi kukudanganya kwamba hawapo, nimeona barua zinapita na karatasi ndogo ya njano juu yake. Lakini nafasi nyingi ndogondogo nilizoziona zikijazwa hazikuwa hivyo. Ilikuwa bosi anatoka ofisini kwake anasimama pale kaunta anauliza "jamani nani anamjua kijana wa kukaa na daftari la geti kuanzia jumatatu?" Ndo tangazo hilo. Limeanzia pale kaunta, limeishia pale kaunta. Na sisi tulioulizwa tulikuwa tunaogopa, maana ukileta mtu akiiba au akiwa anakuja saa nne, jina linaloharibika ni lako. Kwahiyo unamtaja yule tu uliyemuona kwa macho yako akifanya kitu kidogo vizuri.

Swali lako basi ni hili, nani Tanga hii anaweza kusimama kaunta akasema "mi yupo mmoja namjua"? Nilikuuliza yule mhasibu wa fildi umempigia lini mara ya mwisho, ukanyamaza. Toka umalize hujampigia, hata Idd hujamtumia salamu. Huyo ndo konekisheni yako namba moja na umemuacha akusahau. Mpigie, msalimie kwanza bila shida, mwambie umemaliza, umepata cheti, unatafuta, na kama hana nafasi anaweza kukuruhusu uandike jina lake kama mdhamini. Mwalimu wako wa chuo nae hivyohivyo. Mwenye duka la jumla anaemuuzia mama mchele, anakuona kila wiki unalipa deni kwa daftari, yeye si mtu? Wazee wa msikiti wakiwa na mchango wa ujenzi na hesabu zinawasumbua, jitolee kuziandika. Mi sikuambii ufanye bure milele. Nakuambia uonekane.

Ngoja nikupe kisa kimoja. Mwaka flani wakati wa masika alikuja kijana na baiskeli, amelowa chapachapa ila bahasha ameifunga kwenye mfuko wa nailoni iko kavu kabisa. Kwanza hiyo tu niliipenda. Wenzie wanaweka bahasha wanaondoka, huyu akaniuliza "dada, kwani hiyo kazi ya kuhesabu makontena watu wanakosea wapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia wanakosea namba za lakiri, lile kufuli la namba linalofungwa kwenye mlango wa kontena, mtu anaandika 6 badala ya 8 mzigo unakaa siku mbili. Akaomba kuona ile fomu ikiwa tupu. Siku ya tatu akarudi na karatasi ameichora mwenyewe kwa rula, kila tarakimu na kisanduku chake, chini ameweka mstari wa mtu wa pili kuhakiki. Haikutumika hata siku moja, fomu za kampuni ni fomu za kampuni. Ila karani wetu alivyolazwa na malaria wiki mbili, bosi alipotoka kuuliza nani anamjua mtu, mi nilijibu kabla hajamaliza sentensi. Akaja kama deiwaka. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mkataba.

Kitu kingine. Katika hizo 84, ukasema karibu zote umepeleka Dar na Dodoma kwa email, Tanga ni 6 tu. Kwanini? Kazi ya mshahara wa kuanzia Dar unapanga chumba Mbagala unapanda daladala mbili, mwisho wa mwezi unaomba hela kwa mama wa vitumbua. Anza na unapofika kwa baiskeli. Bandari yetu mnaijua ilivyokuwa, meli inasimama kule nje majini mzigo unaletwa na matishari. Sasaivi wamechimba kina mpaka mita 13, gati la mita 450, meli inafunga hapahapa. Hiyo maana yake sio kazi za TPA, mamlaka ya bandari, peke yake, ni mawakala wa forodha, maghala, wenye malori, wauza mafuta na matairi, mama ntilie, wote hao wanahitaji mtu wa kukaa na karatasi asikosee. Kuna saruji na chokaa, kuna maziwa, kuna mkonge, kuna saccos, kuna shule binafsi ambazo muhula ukifunguliwa zinahangaika na risiti za ada. Na kama uwakala wa forodha utakuvutia, kuna cheti cha Afrika Mashariki cha wakala wa forodha kinafundishwa Chuo cha Kodi. Ila usikimbilie kulipa ada kabla hujakaa kwenye ofisi ya kliaringi hata mwezi ukaona kama unaiweza ile presha.

Nenda kwa miguu. Asubuhi, sio ijumaa mchana. Ofisi tatu kwa siku zinatosha, na jiandikie kwenye daftari umeongea na nani, amesema urudi lini, na urudi kweli. Jisajili pia kwenye huduma ya ajira ya serikali, wengi mnaijua kama TaESA, ni bure, wana utaratibu wa kuwapeleka wahitimu kwa waajiri wapate uzoefu kazini. Huo ndo uzoefu unaoulizwa kwenye matangazo. Na tangazo likisema miaka miwili na vingine vyote unavyo, omba tu, mara nyingi wanaandika wanachotamani. Likisema miaka saba liache, usijichoshe.

Mama mpe salamu zangu, vitumbua vya ijumaa apunguze.

Habari dada. Mimi ni dada wa Pongwe, nina cheti cha utunzaji kumbukumbu. Nimeomba Ajira Portal, ule mfumo wa kuomba kazi za serikali mtandaoni, mara tatu sijaitwa hata kwenye usaili wa mchujo. Wenzangu wa darasa moja wameitwa. Kuna mchawi au?

Nzuri mdogo wangu. Mchawi yupo, anaitwa viambatanisho. Hebu lifungue lile tangazo usome ule ukurasa wa masharti ya jumla ambao kila mtu anauruka. Wameandika wazi kwamba hati ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliwi, wanataka cheti chenyewe, na testimonio hawazitaki. Vyeti vithibitishwe na mwanasheria. Barua iwe imesainiwa alafu ndo iskaniwe, wengi wanachapa wanapandisha bila sahihi. CV iwe na wadhamini watatu na simu zinazopatikana. Cheti cha kuzaliwa kiwepo.

Alafu angalia majina, herufi kwa herufi. Huku kwetu ndo kuna balaa, NIDA imeandika Mwanahamisi, cheti cha form four Mwanahamis, cha chuo wamekukata jina la babu wakaweka la ukoo. Wewe unajiona ni mtu mmoja, mfumo unaona watu watatu. Kama yanatofautiana nenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo ya majina, wenyewe wanaiita deed poll, uipandishe pamoja na vyeti. Fanya sasa, usisubiri tangazo, maana matangazo yana wiki mbili na wakili nae ana foleni.

Ukiitwa mchujo ujue ni mtihani wa kuandika kweli, sio kwenda kujieleza. Soma. Na ukifaulu ukakosa nafasi usitupe simu, wanakuweka kwenye kanzidata wanaweza kukupangia baadae bila kukuita upya. Nimeona mtu ameshabadilisha laini anapangiwa kazi hapatikani.

Anti kuna mtu amenipigia anasema yupo mradi wa bomba la mafuta Chongoleani, nafasi zipo za usafi na jikoni, nitume 70,000 ya vipimo na sare leo kabla ya saa kumi maana list inafungwa. Anajua jina langu lote na mtaa. Nina 40,000, nikope?

USITUME. Hata 40 usitume. Bibie, bomba lipo kweli, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka hapo Chongoleani, na ndo maana matapeli wanalipenda, uongo wao wanauegemeza kwenye kitu unachokiona kwa macho. Jina na mtaa wako amevitoa wapi? Kwenye CV uliyoibandika kwenye grupu la WhatsApp lenye watu 900 usiowajua, au pale steshenari ulipoprinti ukaacha faili kwenye kompyuta yao.

Mwajiri wa kweli hakuambii lete hela ndo upate kazi, na hakuna usaili wa kufungwa saa kumi kwa mtu ambae hajawahi kukuona. Muulize jina la kampuni inayoajiri, maana kwenye miradi mikubwa kazi ndogondogo ziko kwa wakandarasi, muulize ofisi iko wapi uende na baiskeli yako. Atakata simu. Alafu nenda ofisi ya serikali ya mtaa muulize mwenyekiti kama kuna tangazo limebandikwa. Namba ya huyo tapeli iripoti, mitandao yote hapa nchini inapokea namba za utapeli kwa meseji kwenda 15040.

Na nyie wengine wote mnaosoma, CV mnayobandika magrupuni ondoeni namba ya NIDA. Haina kazi yoyote pale.

Mwanangu wa miaka 21 aliishia form two, ana miaka minne anachomelea mageti gereji ya rafiki wa baba yake. Kazi anajua kweli, mageti yake yapo mpaka Raskazone. Ila kila akiomba kiwandani wanamwambia lete cheti. Arudi shule mama mie nimuuzie kiwanja?

Kiwanja kiache dada yangu! VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, wanaita urasimishaji ujuzi, harudi darasani miaka miwili. Wanamuangalia anavyofanya kazi, panapopungua wanamnoa kwa muda mfupi, alafu mtihani. Hapa Tanga chuo cha VETA kipo, aende mwenyewe akaulize awamu inaanza lini na gharama yake, asiende mama.

Wakati anasubiri apige picha kila kazi anayomaliza. Sio geti zima limependeza na mwenye nyumba kasimama mbele, apige ile jointi karibu kabisa, kabla ya kusugua na baada ya kupaka rangi, fundi mwenzie wa kiwandani akiona mshono ulivyolala anajua huyu mtu au sio mtu. Na anunue viatu vya usalama hata vya mitumba. Fundi anaekuja geti la kiwanda na kandambili mlinzi anamrudisha kabla hajafungua mdomo, nimewaona.

Jumatatu naenda intavyu ya karani kwenye ghala la vinywaji, ya kwanza maishani. Maswali mawili tu. Nina baibui tupu sina suti, itakuwaje? Na wakiniuliza nataka mshahara kiasi gani?

Baibui safi lililopigwa pasi ni nguo ya heshima, usiazime suti ya mtu itakubana ukae unajivutavuta. Mtandio ubane vizuri usikusumbue, viatu uwe umeshavivaa kabla sio vipya siku hiyo. Ghala kuna forklift na mikokoteni kwahiyo baibui lisiburuze chini, wakikupitisha kuangalia stoo watakuwa wanakuangalia na wewe unavyopita. Nenda jumamosi ukaijue njia kabisa.

Mshahara, usijibu "chochote tu". Ukisema chochote utapewa chochote. Kaa leo na karatasi, nauli kwenda na kurudi mara siku 26, chakula cha mchana, unachoacha nyumbani, hiyo ndo sakafu yako. Alafu serikali inatoa amri ya kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, ulizia cha sekta ya biashara ni kiasi gani sasaivi ukijue kabla hujakaa kwenye kiti. Wakikuuliza, uliza na wewe kwanza nafasi hii imepangiwa kiasi gani, kwa adabu, mara nyingi wanasema. Wakikurudishia swali taja kiwango kuanzia hapa mpaka hapa, cha chini yake kiwe juu ya sakafu yako kidogo.

Na wakikupa kazi omba karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako ni nini, mahali, masaa na malipo, na masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki. Maghala yana tabia ya kufunga saa mbili usiku kipindi cha sikukuu, kwahiyo uliza mapema ovataimu inalipwaje, na usiku huo utarudije nyumbani. Uliza tu, na sura ya kawaida, kama unavyouliza bei ya samaki Deep Sea.

Ukitoka hapo jumatatu niandikie walikuuliza nini, kuna wawili wengine wameitwa ghala hilohilo jumatano.